Mlango wa Chumba cha Nne

Funguo nilizokabidhiwa zilikuwa kumi na moja.
Saba zilifanya kazi.
Mbili zilikuwa za milango ambayo hakuna aliyewahi kuiona.
Mmoja, niliambiwa, ulivunjika meno mwaka wa unga wa yanga.
Wa mwisho ulikuwa wa chumba cha nne:
ufunguo wa shaba, mzito, usio na kosa,
ila bawaba za mlango wake zililiwa na chumvi
masika ya mwaka juzi.

Niliandika barua. Barua ikajibiwa kwa barua.
Fundi akaja na futi kamba,
akapima, akanywa chai, akaenda zake Ngamiani.

Basi kila jioni, saa kumi na mbili kasorobo,
Singano na Mbwego waliunyanyua mlango wao wenyewe,
mmoja huku, mwingine huku,
wakaushikilia wima,
nami nikabana kufuli
kwa uso wa mtu anayefunga kitu.
"Tayari, afande?"
"Tayari."
Wanaume kumi na tisa, chumba cha watu wanane,
wakalala nyuma ya mlango uliosimama kwa hisani.
Kitabu cha zamu hakina safu ya jambo kama hilo.

Ukutani mle, kwa msumari,
mtu tusiyemjua aliacha ubeti:

*Ukuta usijigambe, nawe pia wazeeka,*
*Chumvi yala chembe chembe, chokaa yapukutika,*
*Tusubiri, tusiombe, nani mbele kuanguka,*

mstari wa nne ulidondoka na plasta.
Kila aliyeingia aliumalizia kichwani mwake.
Mdoe, wa kesi ya ng'ombe, aliumalizia kwa maharage.
Mimi nilijaribu miaka tisa,
nikipiga hesabu ya mizani kwa vidole
huku nikihesabu watu.

Jumanne yakaja malori mawili.
Gereza jipya liko kule nyuma ya Pongwe,
kwenye shamba la mkonge lililokufa.
Utepe ulikatwa, hotuba ikasema *ukurasa mpya*,
na wao wamechuchumaa juani,
kila mtu na blanketi lake, ndoo yake, sahani yake.
Nikapekua kama sheria inavyotaka.
Ndani ya soksi ya Mbwego nikakuta kipande cha ukuta,
ukubwa wa kiganja, kimeandikwa *pukutika*.
Alinitazama. Nikaandika:
sabuni, kipande kimoja.

Mkandarasi wa kubomoa akasaini funguo kumi.
Wa kumi na moja nilijaza: umepotea.

Nisiseme uongo. Nani atalilia paa linalovuja,
ndoo ya choo inayopita juu ya vichwa vya waliolala,
upele uliohama mgongo kwa mgongo kama uvumi?
Si mimi.
Huku kuna vitanda vya chuma, na bomba linatoa maji.
Kilua, ambaye kwa miaka sita
alilala magoti yamemgusa kidevu,
alinyoosha miguu saa nane mchana,
akaiangalia ilivyofika mbali,
akageukia ukutani tusimwone.
Ukuta wenyewe una rangi ya mafuta, kijivu.
Msumari unateleza.

Saa kumi na mbili kasorobo nikapita na funguo mpya,
zina namba, zina kamba nyekundu, zote zinafanya kazi.
Singano alikwisha kusimama mlangoni,
mikono mbele, viganja wazi,
miguu ameitanua kama mtu anayetaka kupokea gunia.
Hakujua kama amesimama hivyo.
Mbwego ndiye aliyejua, akamgusa bega.

Mlango ukaja wenyewe juu ya reli yake,
laini, bila kumhitaji mtu.

"Tayari, afande?"

Ilikuwa sauti ya Singano, kutoka ndani.
Nilisimama na ufunguo mkononi,
nikitafuta cha kumjibu.